Katikati ya mteremko: shajara ya kuhamia Kampala

Bukoba, Jumamosi 12 Oktoba 2024

Barua ya uhamisho imefika. Natakiwa niripoti ofisini Bugolobi, Kampala, Jumatatu tarehe 6 Januari. Mume wangu atabaki Bukoba mpaka Machi amalizie kazi ambayo ameshalipwa nusu ya malipo, kwa hiyo wa kutafuta nyumba ni mimi. Nimenunua daftari la kaunta na juu yake nimeandika "Mradi wa Kampala".

Tunaohama kwa kuanzia ni wanne: mimi, binti yetu wa miaka 11 anayemaliza darasa la tano, mdogo wake wa miaka 7 mwenye pumu, na mama mkwe wangu, miaka 71, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi. Bibi bado hajakubali kwenda.

Ukurasa wa kwanza sikuandika "mahitaji ya familia". Nimempa kila mtu mistari yake. Mimi: nifike kazini bila kutoka nyumbani gizani. Binti: shule ambayo haitamvunja moyo, maana amesoma kwa Kiswahili tangu la kwanza na huko kila kitu ni Kiingereza. Mdogo wake: pasiwe na vumbi wala moshi, na kituo cha afya kiwe karibu usiku. Bibi: nilipomuuliza akanijibu, "Andika kwamba sitaki." Nimeandika hivyo hivyo, neno kwa neno.

Kampala, Jumamosi 19 Oktoba

Nimefika jana usiku kwa basi linalopita mpakani Mutukula. Nimefikia kwa wifi yangu Kisaasi, kaskazini mwa jiji, naye ameishi hapa miaka kumi na mitatu.

Asubuhi kabla ya chai alinitoa nje mpaka ukingoni mwa barabara, mahali ambapo nyumba zinaachia na unaona mbali. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni na vilele vimesimama juu yake kama visiwa. Akanionyesha kimoja kimoja: Kololo, Naguru, Mulago, na kwa mbali mnara wa msikiti ulioko Old Kampala. Halafu akaniambia jambo ambalo nimelipigia mstari mara mbili: "Wifi, hapa mtu akikuambia anakaa mtaa fulani hajakuambia kitu. Muulize anakaa juu, katikati au chini."

Nimelielewa kadiri siku ilivyokwenda. Kololo ina makazi ya mabalozi kileleni, na ukishuka kidogo tu upo Kamwokya, vyumba vimebanana ukuta kwa ukuta. Muyenga juu wana bustani na mandhari ya ziwa, Namuwongo chini wanaishi kando ya reli na mfereji wa Nakivubo. Kodi hupanda kilima pamoja na barabara, na maji ya mvua hushuka kwa njia hiyo hiyo. Kwetu Bukoba nako kuna vilima, lakini sijawahi kuona mita mia tatu za mteremko zikibadilisha maisha ya watu namna hii.

Kwa anayetoka kwetu: "teksi" hapa ndiyo daladala yenyewe, ile Hiace ya abiria kumi na wanne. Ukitaka gari la peke yako useme "special". Nilisimamisha teksi leo nikashangaa kukuta watu wamejaa ndani.

Kampala, Jumatatu 21 Oktoba

Leo ni siku ya saa mkononi. Jana Jumapili mchana nilitoka Kisaasi mpaka Bugolobi kwa dakika ishirini na nane, nikaanza kuipenda Kisaasi. Nyumba mpya, maduka, watu wengi wa umri wetu wenye watoto, na ukivuka barabara ya Northern Bypass kwenda Kyanja unapata nyumba ya vyumba vitatu kwa shilingi 800,000 za Uganda.

Leo nikarudia safari ile ile kama nitakavyoifanya nikiwa na kazi. Nimetoka saa kumi na mbili na robo. Teksi ya kwanza ilijaa baada ya dakika kumi na mbili. Foleni ilianza kabla ya Ntinda. Ntinda nikashuka kupanda ya Nakawa, na pale taa za Spear tukasimama nikahesabu mizunguko minane ya taa. Nimefika mlangoni pa ofisi saa mbili kasoro dakika tano. Saa moja na dakika arobaini, kwa njia ambayo haifiki kilomita kumi.

Bodaboda ingechukua nusu saa, na mimi mwenyewe ningepanda. Mtoto wa pumu kwenye boda, katikati ya moshi wa magari, kila siku ya shule? Hapana.

Jioni nimejaribu upande wa pili kwa ajili ya haki tu: Zana na Seguku, barabara ya Entebbe. Wenye gari wana barabara ya kulipia tangu Januari 2022, shilingi 5,000 kwa gari dogo. Sisi hatuna gari na teksi zinapita njia ya zamani. Nimefuta.

Baada ya leo sitaandika tena kilomita kwenye daftari hili. Nitaandika dakika, na mbele yake siku na saa.

Kampala, Alhamisi 24 Oktoba

Leo nataka niandike kirefu, kwa sababu karibu nifanye kosa kubwa.

Dalali alinipigia saa tatu: nyumba ya vyumba viwili na sebule, ina uzio na choo cha ndani, shilingi 450,000 kwa mwezi, Kinawataka. Kinawataka ni bonde lililo chini ya kilima cha Mbuya, na Mbuya inapakana na Bugolobi. Kwa mguu mpaka ofisini ni dakika thelathini na tano, nimezipima. Nikaona Mungu amejibu.

Alinitoza kwanza ada ya kuonyeshwa nyumba, kisha akaniambia kuna mtu mwingine anakuja na pesa saa nane. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya ya krimu. Ndani ilinukia rangi, na chini ya rangi kulikuwa na harufu nyingine ambayo sikuijua upesi. Ilikuwa ya kitu kama kapu lililofungwa likiwa bichi.

Nikainama nifunge kamba ya kiatu. Ukutani, usawa wa goti langu, rangi ilikuwa imevimba vipovu vidogo vidogo kwa mstari mmoja ulionyooka. Nikaufuata mstari ule kwa kidole: ulizunguka sebule, ukapita chini ya swichi, ukaingia chumbani, ukatoka. Ulikuwa usawa mmoja kila mahali. Nikaenda jikoni. Kabati la mwenye nyumba lilikuwa limebaki, na kila mguu wake umepandishwa juu ya matofali mawili. Nje, mlangoni, walikuwa wamejenga kizingiti cha saruji kirefu kuliko cha kawaida. Watoto wa jirani walikikalia kama benchi.

Nilimuuliza dalali maji hufika hapa mara ngapi kwa mwaka. Akasema ni unyevu wa kawaida. Nikamuuliza mama jirani aliyekuwa anaanika dagaa, wanaowaita mukene. Alitazama dalali kwanza, halafu akanyanyua mkono akaonyesha ukuta wa nyumba yake. Mstari ulikuwepo, na yeye hakuwa ameupaka rangi.

Saa tisa mvua ilinyesha. Sikuondoka, nilijikinga kwenye duka la juu kidogo nikatazama. Kwa nusu saa ya kwanza hapakuwa na kitu. Halafu mvua ikakatika kabisa, jua likatoka, na ndipo maji yalipokuja. Yalitoka juu, kutoka kwenye mapaa na nyua za saruji za kilima kizima, yamebeba chupa za plastiki na majani ya migomba, mfereji ukajaa mpaka ukingoni. Hayakuingia ndani siku ya leo. Watu walitoka na majembe kuzibua kalvati bila kuambiwa na mtu, kila mmoja mahali pake, na wale wazee walijua hasa taka hukwama wapi.

Siwadharau wanaokaa pale. Ningekuwa sina njia nyingine ningekaa na ningejifunza kuzibua kalvati kama wao. Ila nina mtoto ambaye unyevu wa ukutani unamfunga kifua kwa wiki nzima, na bibi asiyeweza kuruka kizingiti. Dalali hajanirudishia ada. Nimeiandika kwenye ukurasa wa matumizi.

Wifi aliponisikiliza usiku akaniambia kuhusu viwanja vya bei ya kutupa upande wa Kiteezi. Huko ndiko mlima wa taka wa jiji ulikoporomokea nyumba za watu tarehe 10 Agosti mwaka huu na kuua zaidi ya thelathini. Hakuwa ananishauri niende. Alitaka nijue kwamba jiji hili, bei ikishuka sana, lazima uulize kilichoishusha.

Bukoba, Jumapili 3 Novemba

Nimerudi nyumbani na picha na karatasi. Mume wangu amesoma daftari lote. Bibi hakutaka kuona picha.

Nimeishi naye miaka kumi na miwili nikidhani ni ukaidi wa kawaida wa mtu mzima asiyetaka kuacha migomba yake. Leo baada ya misa alinieleza. Mwaka 1978 alikuwa ameolewa upande wa kaskazini wa Mto Kagera. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Amin yalipoingia, alivuka daraja la Kyaka kwa miguu, mtoto wa miezi minne mgongoni, kabla daraja halijabomolewa. Mtoto huyo ndiye mume wangu. Nyumba yao hakuikuta tena.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe Kampala unaijua kwa basi. Mimi naijua kwa ndege zilizotoka huko."

Sikuwa na la kujibu, na sikujaribu. Nimeongeza mstari kwenye ukurasa wake: asikae mahali atakapojiona yuko kwa adui. Sijui mstari huo unapimwaje. Unastahili kuwepo kuliko yote niliyoandika.

Bukoba, Jumatano 27 Novemba

Leo tumepiga kura za serikali za mitaa. Nikiwa kwenye foleni nimekumbuka kazi niliyoiacha Kampala: kumwona mwenyekiti wa LC1. Ndiye mwenyekiti wa mtaa wao, ngazi ya kwanza kabisa ya mabaraza ya Uganda. Ya tano ni ya wilaya. Mara ya mwisho walichaguliwa mwaka 2018, na wapiga kura walijipanga mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka, hadharani. Mgeni akihamia hupelekwa kwake aandikishwe. Nimeamua mimi nitakwenda kwake kabla ya kulipa, sio baada. Mtu aliyepokea malalamiko ya mtaa miaka sita anajua nani aliibiwa, bomba gani halitoi maji na maji ya mvua hufika wapi.

Kampala, Jumamosi 7 Desemba

Bibi amekuja, na watoto tumekuja nao. Mume wangu alimwomba aje atazame tu, na kama hataki atarudi kwa basi la Jumatatu. Mutukula alikaa kimya. Masaka ndipo alipoanza kunyoosha shingo kutazama migomba, na nikasikia akihesabu aina zake kwa Kihaya. Masaka ndipo alipoanza kunyoosha shingo kutazama migomba, na nikasikia akihesabu aina zake kwa Kihaya.

Leo nilimpeleka Ggaba kwanza, kwa sababu ya ziwa. Ziwa ni lile lile letu, tumelizunguka tu. Tulikaa karibu na soko la samaki, mitumbwi inaingia, akala sato kwa vidole mpaka mifupa ikang'aa. Nyumba niliyoipata kule ilikuwa nzuri na ya bei ya wastani, ghorofa ya kwanza, upepo wa ziwa unaingia dirishani. Bibi alisimama kwenye dirisha hilo muda mrefu. Nilitamani sana kusema ndiyo.

Lakini Ijumaa asubuhi nilikuwa nimeshaipima barabara ya Ggaba kwa wakati wa kazi: saa moja na dakika kumi na tano, foleni kuanzia Bunga, Kansanga, Kabalagala mpaka mwisho. Watoto wangesoma huko huko na mimi ningerudi wameshalala. Nikamweleza Bibi hesabu zote, nikamwonyesha ukurasa. Akafunga dirisha mwenyewe. Hili ndilo lililoniuma kuliko yote katika mradi mzima, na bado naona niliamua sawa.

Kampala, Jumapili 8 Desemba

Mbuya.

Misa ya asubuhi tulisali parokia ya Bikira Maria wa Afrika, kilimani Mbuya. Nilikuwa nimepachagua kwa sababu ya ramani tu: kilima kile kile chenye Kinawataka miguuni na nyumba za kodi ya dola kileleni. Nilitaka kuona kati yake kuna nini.

Baada ya misa tulishuka kwa miguu polepole. Kwenye kona moja pana kibanda cha mboga: nyanya zimepangwa piramidi nne nne, mafungu ya dodo na nakati, mboga za majani za huku, ndizi mshale kwenye gunia. Muuzaji ni mama wa makamo ya Bibi, gauni la gomesi la bluu, miwani iliyofungwa uzi. Kwa mazoea nikamwamkia, "Shikamoo mama." Huku Uganda salamu hiyo haijibiwi, watu hukutazama tu au hucheka kwa upole. Mama yule akasema, "Marahaba, mwanangu. Mmetoka Tanzania?"

Bibi akageuka.

Mbuya kuna makao makuu ya Wizara ya Ulinzi na hospitali ya kijeshi, na Kiswahili ndicho lugha ya jeshi la Uganda tangu enzi za Mwingereza. Wake na watoto wa askari hukichukua hapo hapo kambini. Marehemu mume wa mama huyu alikuwa askari. Nilijua hayo kwa kusoma. Yaliyofuata sikuyajua.

Bibi alimuuliza, moja kwa moja kama kawaida yake, "Mwaka ule wa vita ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa Mbuya. Nilijifungia ndani siku mbili na watoto chini ya kitanda. Aprili 79, askari wenu walipoingia mjini. Aliyesukuma mlango alikuwa kijana mdogo, bunduki hii hapa. Nikasema tumekwisha. Akaniambia, shikamoo mama, una maji ya kunywa? Neno hilo nilikuwa silijui. Nilimpa maji, na neno nikabaki nalo."

Bibi hakusema kitu. Alichukua nyanya moja akaitazama, akaiweka, akachukua nyingine. Kisha akasema, "Mimi nilivuka Kyaka na huyu baba yao mgongoni."

"Pole, dada."

"Na wewe pole."

Walikaa kwenye benchi karibu saa nzima. Mimi nilisimama pembeni nikiwa na fungu la dodo mkononi, sikulipa mpaka tulipoondoka. Njiani kurudi Bibi aliniuliza kama nyumba za pale zina nafasi ya kuotesha mgomba hata mmoja.

Nimeandika kwenye ukurasa wake: dakika tisa kwa miguu kutoka kanisani mpaka kwa mama wa mboga, kwa mwendo wake.

Kampala, Jumanne 10 Desemba

Shule, kwa ufupi. Uganda nao wana darasa la kwanza hadi la saba, P1 mpaka P7, na mtihani wa mwisho wa PLE una masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Alama bora kabisa ni jumla ya 4, na mbaya ni 36, kwa hiyo usishtuke ukisikia mzazi anajivunia mtoto aliyepata nne. Muhula wa kwanza huanza Februari, si Januari kama kwetu.

Shule tatu zimetazamwa, zote zinafikika kwa mguu kutoka katikati ya Mbuya. Ya kwanza mwalimu alimpa binti yangu karatasi ya majaribio, akaisahihisha mbele yake kwa wino mwekundu na kusema kwa sauti kwamba mtoto arudishwe P4. Mtoto aliye na Hisabati nzuri kuliko mimi katika umri wake! Tumetoka. Ya pili wanataka bweni. Ya tatu mwalimu mkuu alimpa Hisabati kwanza bila maneno mengi, akapata zote isipokuwa moja. Ndipo akampa Kiingereza. Akashauri arudie darasa la tano ili apate miaka miwili kamili ya lugha kabla ya P7, na akamweleza mtoto mwenyewe sababu. Binti alilia kidogo kwenye ngazi. Nikamwambia anayerudia ni lugha, si yeye. Tumekubali ya tatu. Mdogo wake P2, hakuna shida, ameshapata rafiki wa kutazama naye kaloli, wale ndege wakubwa wenye kipara wanaokaa juu ya mapaa.

Kampala, Ijumaa 13 Desemba

Nyumba imepatikana. Vyumba viwili, sebule, jiko, veranda ndogo, katikati ya mteremko upande unaotazama Bugolobi. Kodi 900,000. Ni mara mbili ya ile ya bondeni, na mbele ya takwimu hiyo nilikaa jioni nzima na kalamu. Nikitoa nauli za teksi mbili kwa siku za watu watatu, na dawa za kifua, tofauti inapungua kuliko inavyoonekana, lakini haiishi. Nimekubali kulipa iliyobaki.

Nilifanya hivi kabla ya kutoa shilingi. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa LC1 na Bibi. Alinieleza kwamba maji ya bomba hukatika mchana siku nyingi za kiangazi, niulize tangi. Kwamba wizi upo wa simu usiku njia ya chini, sio ya juu. Na kwamba mwenye nyumba ni mtu wa maneno mengi lakini hajawahi kumtoa mpangaji nje na watoto. Nilikwenda kuona nyumba saa moja jioni na tena saa kumi na mbili asubuhi. Asubuhi ile moshi wa mkaa na wa taka zinazochomwa ulikuwa umelala Kinawataka kama blanketi, na mwisho wake ulikuwa chini yetu, mapaa matatu hivi. Nilifungua mabomba yote. Nilipapasa kuta zote usawa wa goti.

Mkataba. Kwetu tumezoea kulipa miezi sita au mwaka. Hapa ameomba mitatu. Uganda ina sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022: kodi ikifika shilingi 500,000 makubaliano yawe ya maandishi, na nyongeza isizidi asilimia 10 kwa mwaka. Mwenye nyumba alikuwa na fomu yake iliyosema atapandisha "kadiri ya soko". Nikamwomba kwa heshima tuandike asilimia. Alinung'unika, akaandika, akatia sahihi, mwenyekiti akashuhudia na kugonga muhuri.

Mbuya, Jumamosi 11 Januari 2025

Tumehamia wiki iliyopita. Mizigo ilikaa Mutukula siku nzima kwa sababu sikuwa na orodha ya vyombo vya ndani iliyoandikwa vizuri. Anayekuja nyuma yangu aandike kila kitu, hata masufuria, nakala tatu.

Vipimo vya wiki ya kwanza ya kazi, kwa miguu, kushuka: dakika ishirini na nne, ishirini na tatu, ishirini na nne, ishirini na sita (mvua), ishirini na tatu. Kupanda jioni: thelathini na moja. Natoka nyumbani kumekucha.

Tatizo limejitokeza. Umeme hapa ni wa kulipia kabla kama LUKU yetu, wanauita Yaka, neno lao la kuwaka. Niliuliza kama kuna mita, sikuuliza kama ni yetu peke yetu. Tunachangia na chumba cha nyuma, ambako kijana anapasha pasi nguo za watu. Uniti zilizotakiwa kutupeleka wiki mbili zimeisha siku tano. Kijana si mbaya, amekubali mara moja tutenganishe. Katika daftari nimeongeza swali hili kwa wino mwekundu kwa ajili ya mdogo wangu anayefikiria kuja: mita ni ya nani?

Mbuya, Jumamosi 15 Februari

Shule zimefunguliwa. Binti anatembea dakika kumi na moja na mdogo wake kamshika mkono. Jumatano alirudi akasema mwalimu wa Kiswahili amemwita mbele asome kwa sauti, darasa zima likanyamaza. Serikali ilitangaza mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima, na walimu bado hawatoshi. Naye sasa anakaa mbele kuwasaidia wenzake mara moja kwa wiki. Kiingereza bado kigumu. Jana amepata 41 kwa mia.

Kifua cha mdogo: amepuliza dawa mara mbili tu tangu tuje, na zote ni siku malori yalipokuwa yanamwaga kifusi kwenye njia ya juu. Nimeuliza kwa mwenyekiti, wanasema njia hiyo itamwagiwa maji kila asubuhi mpaka kazi iishe. Nitafuatilia.

Bibi huondoka saa kumi na mbili kasorobo kwenda misa. Akirudi hupitia kwenye benchi. Wiki hii mama wa mboga amempa chipukizi la mgomba, na wamebishana siku tatu kuhusu jina lake, kila mmoja na la kwao. Tumelipanda nyuma, karibu na bomba, shimo amechimba kijana wa pasi.

Fundi wa mita anakuja Jumatatu saa tatu.